Vigingi vya Puto Shambani kwa Shangazi

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru nilikuwa nimerudi Waa, kwetu pwani, baada ya kuzurura kwingi, nikapata kazi ya kubeba mizigo ya Wazungu wawili waliokuja na puto. Likijazwa gesi lilikuwa refu kuliko mnazi. Lilipandisha sanduku zito la vipimo juu kabisa kwa sababu, alivyonieleza yule mwenye ndevu, hewa yetu huizuia miale ya gama, mwanga usioonekana kwa macho, isifike chini. Walitafuta miale hiyo kutoka kwenye makundi ya galaksi, na kila galaksi ina nyota zisizohesabika. Mimi niliyeacha shule mapema nilimwuliza maswali hata chai yake ikapoa.

Shangazi, mwenye shamba, hakumwuliza kitu. Aliwatazama wakigongomea vigingi vya chuma vya kufungia kamba za puto, akaniita kando.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hao wanapanda nini?"

"Hawapandi. Wanafunga puto."

"Kilichoingia ardhini kimepandwa. Kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, hata shamba likiwa la mwingine. Kesho watasema chuma chao kiko hapa tangu zamani, na shahidi wao utakuwa wewe, mla biskuti zao!"

Nilicheka, lakini neno lake liliniingia. Kule kilima cha Mrima wapimaji wa madini walikwisha kupita na visanduku vya kunusa mawe yenye miale. Na hili sanduku letu je? Kwa nini mtu aache mbingu za kwao aje kupima zetu? Nilimwuliza mwenye ndevu wameona nini. Akasema wamekwisha kurusha mara kadhaa, na kutoka kwenye makundi yale hawajaona hata mwale mmoja. Watarusha tena.

Nilimpelekea shangazi jibu hilo.

"Nani hurudia kisima kikavu?" akasema. "Ameona kitu huyo. Anaficha."

Nilirudi kwenye mizigo ya Wazungu.

Walipofunga mizigo waliviacha vigingi, wakasema watarudi baada ya masika. Gari lao lilikuwa halijafika barabara ya Likoni, shangazi amekwisha kushika jembe. Tuling'oa vigingi vyote, akanituma nivipange kando ya njia, wasije wakasema tumeviiba. Kisha akapanua kila shimo, akatia mche wa mnazi, akaushindilia udongo kwa kisigino.

"Haya," akasema, "sasa na warudi."