Bunduki ya Nne

Mume wangu alikuwa fundi bunduki, na miaka yote niliyokaa naye hakuna mtu aliyewahi kuumizwa na kitu kilichotoka nyumbani kwetu. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba bibi wa Mirongo aliishi na bunduki nne za Kirusi chumbani, wanaanza kunitazama mikono. Zilikuwa na vibali. Namba ya kila moja iliandikwa kwenye kitabu cha leseni, na kila mwaka alizipeleka kituoni zikaguliwe.

Alizikusanya kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Alianza na ndefu kupita zote, iliyopigwa mhuri wa tai mwenye vichwa viwili, ya wakati Warusi wana mfalme. Hiyo aliipata kwa familia ya Wahindi waliokuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba, walipokuwa wanahamia Uingereza. Mbili zilizofuata zilikuwa na nyota na mundu na nyundo. "Sisi tuna jembe na nyundo, wao mundu na nyundo," aliwaambia wageni, "ndiyo maana tulielewana." Ya nne ilikuwa fupi. Aliinunua kwa mjane wa bwana nyama wa zamani, yaani askari wa wanyamapori, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu namba ya mtutu, ya kitako na ya kile chuma cha kuvuta nyuma zilikuwa moja. Mimi sikuona ajabu ya hilo. Yeye aliona.

Hewa ya ziwa inakula chuma. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala alitandika gunia barazani ndani, akazitoa moja moja na kuzipaka mafuta. Mimi nilishika kitambaa. Ile fupi aliiita bi mdogo.

"Bi mkubwa, mshikie bi mdogo kitako," alikuwa akisema.

"Mshikie mwenyewe. Na siku utakayomleta kitandani, mimi nahama."

Alicheka. Mimi sikucheka. Chuma cha kuulia watu hakilali na mimi, nilimwambia hivyo tangu mwanzo, na alijua kwamba nikisema nimesema.

Alipougua tumbo, hospitali walimkata wakamfunga, wakasema tumrudishe nyumbani. Alilala miezi minne. Kitandani alilala peke yake kwa sababu hata shuka likimgusa vibaya alilia, mimi nikalala chini kwenye mkeka, pembeni yake. Siku moja aliniomba nimletee ile fupi, akae nayo tu.

"Kitandani?"

"Miguuni. Haina kazi."

"Haiji kitandani," nikasema. Akageukia ukutani. Baada ya siku mbili aliniomba shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na uzi wake. Nikampa nikaenda sokoni. Nilidhani anashona kandambili zake, mikono ipate kazi.

Alifariki asubuhi, Mungu amrehemu. Kwetu godoro la marehemu na nguo zake hupewa aliyemwosha, iwe sadaka. Aliyemwosha ni rafiki yake wa siku nyingi, mzee wa Igoma, na siku ya tatu nilimkabidhi mwenyewe. Lilikuwa godoro la pamba la kushonwa, la zamani. Vijana walilikunja kuanzia miguuni, wakalifunga kamba, na wawili walilibeba wakihema. Mzee akasema, "Marehemu alikuwa na godoro la kweli. Siku hizi watu wanalalia sponji." Wote pale wakaisifu pamba ya zamani. Na mimi nikaisifu.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, ila kwa dharura. Nilijua bunduki za marehemu lazima zirudishwe serikalini, lakini nilijiambia zimekaa kwenye sanduku la chuma, zina kufuli, ufunguo ninao shingoni, nikimaliza eda nitazipeleka. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Sikumuuliza mtu. Nimesoma hadi darasa la nne, na mtu wa darasa la nne akijua jambo moja anajiona anajua yote.

Mvua zilianza. Kuta zikatoa jasho, nikawaza kutu. Siku ya ishirini na sita ya eda, mchana, nilifungua sanduku nizipake mafuta kama tulivyozoea. Nikainua gunia la juu. Nikatoa ndefu. Nikatoa ya pili, nikatoa ya tatu. Chini yake kulikuwa na gunia limekunjwa vizuri, likaonekana kama lina kitu. Nililibonyeza. Lilikuwa gunia tupu.

Nilichukua kitabu cha leseni. Nne. Nikafungua kopo la risasi. Risasi zilikuja na ile fupi peke yake, ishirini, hazikuwahi kupungua tangu ainunue. Nilizihesabu kwenye kanga, nikazihesabu tena. Kumi na tano.

Nilikaa juu ya sanduku. Bunduki yenye jina la nyumba yetu ilikuwa mahali nisipopajua, na risasi tano. Kama jana imeua mtu huko Mkolani, namba ni yetu. Nikaanza kuwapitisha kichwani wote walioingia kwenye msiba, na kila mmoja nikamfanya mwizi: majirani, mashemeji, mpaka wanawake waliopika. Naona aibu kulisema.

Nikampigia mwanangu, yuko Tabora kwa kazi ya serikali.

"Mama, umemwambia mtu?"

"Nimekwambia wewe."

"Basi usimwambie mwingine. Nakuja Jumamosi, tutatafuta kimyakimya."

"Leo ni Jumatatu."

"Mama, nitapoteza kazi. Usitoke. Uko eda."

Nilipokata simu nilibaki natazama kitanda. Juu yake kulikuwa na godoro jipya la sponji, jembamba, upepo wa dirishani ulikuwa unainua shuka upande wa miguuni. Miguuni. Haina kazi. Ndipo nikaikumbuka shazia, na ufunguo wa sanduku aliokaa nao mwenyewe mpaka anafariki, na wale vijana wawili waliokuwa wanahema kwa godoro la mtu mmoja.

Nilivaa baibui nikatoka. Eda ina dharura, na kama ile haikuwa dharura basi neno hilo halina maana. Sikupiga simu kwa mzee, kwanza namba sina, pili neno bunduki si la kusema kwenye simu. Nilichukua bajaji mpaka Igoma. Dereva alinisalimia shikamoo mara mbili, sikumsikia. Kitabu cha leseni nilikuwa nimekishika kifuani kama mtoto.

Mzee alikuwa uani kwake anachonga mpini. Aliponiona alisimama.

"Shemeji! Eda imeisha lini?"

"Haijaisha. Godoro liko wapi?"

Alinitazama, kisha akacheka. "Makubwa! Siku hizi sadaka inarudishwa? Marehemu kakutokea ndotoni analidai?"

"Nakuuliza liko wapi."

"Liko ndani, tena lina heshima yake. Binti yangu kajifungua, leo siku ya tisa. Yuko juu yake na mtoto. Godoro kama lile ningemlaza nani mwingine?"

Sijui nilipitaje mlangoni. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Binti alikuwa amelala ubavu, na mtoto yuko mbele yake, amefungwa kitambaa cheupe. Nilitazama mshono wa pembeni ili nijue kichwani ni wapi na miguuni ni wapi. Walikuwa wameligeuza. Upande aliowekea miguu mume wangu ndiko kilikokuwa kichwa cha mtoto.

Nilitaka kupiga kelele. Nikaogopa atashtuka. Niliinama nikasema polepole, "Mwanangu, mpe bibi mtoto. Inuka taratibu, usijisukume kwa mkono."

Aliamka. "Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Nipe mtoto."

Alinipa. Akashuka, akajinyoosha. "Afadhali umekuja bibi, huku kichwani kuna kitu kigumu. Nadhani pamba imeshikana. Baba kasema jua likitoka tutalianika tulipige fimbo lilegee."

Mimi niliyekuwa nimembeba mtoto ndiye niliyehitaji kubebwa. Nilimrudishia, nikamwambia atoke uani naye, asimame mbali, nyuma ya jiko. Kisha nikaweka kiganja kwenye godoro. Kitako kilikuwa pale, kisha mtutu, umelala kwa upana. Mshono wa uzi wa gunia ulikuwa umepita mara mbili, kila hatua sawasawa, kama alivyoshona kila kitu.

Mzee alisimama mlangoni. "Ni nini?"

"Bunduki. Ina risasi."

Alirudi nyuma hatua moja, akasogea tena mbele. "Itoe. Shemeji, itoe sasa hivi, uondoke nayo. Mimi sijaona kitu."

"Siigusi."

"Ni ya mumeo!"

"Ndiyo maana siigusi. Nikitoka nayo barabarani mimi ni jambazi. Nikiiacha nikanyamaza, jambazi ni wewe. Kamwite mwenyekiti wa mtaa, na polisi waje waitoe wenyewe."

"Nitafungwa. Umri huu, nitafungwa kwa kuosha maiti?"

"Nitasema niliitoa mimi bila kujua."

"Wote husema hivyo wakiwa nje ya kituo," alisema. "Wakishaingia ndani husema mengine."

Na mimi nilikuwa sijui nikiingia ndani nitasema nini. Nilimpa kitabu cha leseni. "Shika. Bila hiki siwezi kukukana wala kukimbia. Nenda."

Aliondoka. Nilivuta kigoda nikakaa mlangoni mwa chumba kile, uso kwa godoro, ili hata paka asipite. Nilisoma Ayat al-Kursi, nikaikosea katikati, nikaanza upya, nikaikosea palepale. Nilifikiri: mzee atapanda gari la Musoma na kitabu changu, na mimi nitakutwa hapa peke yangu na bunduki kwenye nyumba ya watu. Nilifikiri mwanangu anaitwa ofisini. Kisha mtoto alilia uani, na nikafikiri juu ya fimbo. Zingepiga wapi? Nilijikuta natafuta kwa macho kifyatulio kilipo chini ya kitambaa.

Mzee alirudi na mwenyekiti. Baadaye walikuja polisi wawili. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alichana mshono kwa wembe, pamba ikatoka, akaingiza mikono yote miwili kama mkunga. Ilitoka ikiwa safi. Ilikuwa na mafuta, haikuwa na kutu hata nukta. Aliielekeza ukutani akavuta chuma nyuma. Risasi ya kwanza iliruka ikaangukia sakafuni, nne akazitoa chini yake.

"Hii moja," alisema, "ilikuwa imeshaingia kwenye mtutu."

Mzee alikaa chini pale alipokuwa.

Kituoni walinihoji mpaka jioni. Nilisema yote kama nilivyoyasema hapa. Yule mwenye mvi ndiye aliyeandika. Alilinganisha namba na kitabu, akatuma watu wakachukua zile tatu na lile kopo. Mzee wa Igoma alihojiwa chumba cha pili, akaachiwa kabla yangu, na alipopita mlangoni hakunitazama. Simlaumu.

"Bibi," askari alisema, "mumeo alikuwa na risasi hizi miaka mingapi?"

"Kumi na nane."

"Na hakuwahi kuzitia?"

"Hakuwahi."

"Sasa mgonjwa wa kitandani, alikuwa anaogopa nini? Wezi?"

Kalamu yake ilikuwa tayari. Nilijua akiandika wezi jambo linakuwa dogo: mzee mgonjwa, mlango mbovu, basi. Lakini mlango wetu ni wa chuma, na mume wangu hakuwahi kuogopa wezi. Aliogopa kitu kimoja tu mwaka ule, nacho kilikuwa tumboni mwake. Usiku alikuwa akiniambia, "Sitaweza kuvumilia mpaka mwisho." Nami nilimwambia, utaweza. Nililala chini hatua moja kutoka miguu yake, na kila nilipoamka kumpa maji alikuwa macho, ananitazama.

"Sijui," nikasema.

"Ungesema wezi ingekuwa rahisi kwako, bibi."

"Wezi sikuwaona. Andika sijui."

Aliandika. Kisha alifunga faili, akaniambia ni kosa kukaa na silaha za marehemu bila taarifa, na ni kosa kubwa zaidi silaha kukutwa pale ilipokutwa, na uamuzi si wake. "Nenda kamalize eda yako, halafu uje. Usisafiri."

Wajane husema eda ni ndefu. Yangu ilikimbia. Kila asubuhi nilihesabu zilizobaki, na kila pikipiki iliyosimama nje ilinipeleka dirishani. Siku ilipofika nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikaenda na mwanangu. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Waliniita, wakanisomea onyo, nikaweka dole gumba ingawa kusaini najua, mkono ulikataa. Bunduki zote nne zimebaki serikalini. Waliuliza kama mrithi anataka kuziombea kibali. Mwanangu alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Njiani aliniuliza maswali mengi: nani alikuwepo, mzee wa Igoma alisema nini, kazini kwake watajua au hawatajua. Hakuuliza risasi zilikuwa wapi. Mpaka leo hajauliza. Mimi simdanganyi mwanangu, akiuliza nitamwambia moja ilikuwa imeshaingia kwenye mtutu, na yeye ni mtu mzima, atafika mwenyewe pale nilipofika mimi. Anapiga simu kila Ijumaa. Simu ikilia namwomba Mungu asiulize.