Kuku Aliyekagua Fremu Yangu

Enzi za Mwingereza nilikuwa seremala Mwanza mjini, nyuma ya maduka ya Wahindi, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko kazi yangu. Nilipokwenda Igoma kuposa, baba wa binti, naye seremala, hakuanza na habari za ng'ombe. Alitaka nimtengenezee fremu ya kioo, nimletee pamoja na zana zangu, ndipo tuongee.

Kona ya fremu inataka mbao mbili zilizokatwa mshazari zikutane sawasawa. Nilikuwa na sanduku la kukatia, lisilo na kifuniko, lenye mikato ubavuni ya kuongoza msumeno. Nikakata, nikaunga. Kona tatu zilifunga vizuri. Ya nne ilicheka, meno yote nje.

Fundi mwenye akili angekagua sanduku. Mimi nilichukua kiporo cha ugali, nikakikanda na unga wa mbao, nikaziba, nikapiga msasa. Nikajiona bingwa.

"Shikamoo baba," nilisema nilipofika Igoma.

"Marahaba," akajibu, macho kwenye fremu.

Mama wa binti alikuwa nyuma ya mlango, maana kwetu Wasukuma mimi na yeye hatukuruhusiwa kuonana wala kusemeshana. Mzee aliegemeza fremu ukutani, akarudi nyuma aione vizuri. Kuku mmoja mwekundu akaja, akaitazama kona ya nne kwa jicho moja, akaanza kula. Alikula bila haraka yoyote. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Msumeno wako butu," mzee akasema.

"Hapana baba, mbao ndizo zilizokauka vibaya."

Tukabishana mpaka sauti ikatoka nyuma ya mlango, kali kweli, ikimwambia kuku:

"Wewe kuku, hebu waambie hao wanaume wakunje kona ya karatasi, ukingo ulale juu ya ukingo, wapate mshazari kamili, waupimie mkato wa hilo sanduku. Nimekaa na seremala miaka yote hii, msumeno unasingiziwa tu!"

Kuku alikuwa na ugali mdomoni, kwa hiyo tulijituma wenyewe. Mzee akachana ukurasa wa daftari, akaukunja, akaupimisha. Kumbe msumeno ulikuwa umeula mkato upande mmoja, hadi mkato ukapinda kwa unene wa njiti ya kiberiti. Kosa dogo, lakini fremu hukatwa mara nane, na kona ya mwisho ndiyo hubeba yote.

Nilipigilia kipande cha bati la debe pale palipolika, nikapima tena kwa karatasi, nikakata upya palepale. Sikuharakisha, maana nilimpenda yule binti. Fremu ikapungua kidogo, lakini mzee alipopitisha ukucha kwenye kona zote nne, haukukwama popote. Akakohoa.

"Kuku," sauti ikasema, "mwambie fundi alete ng'ombe baada ya mavuno."

Siku ya harusi kuku wengi walichinjwa. Mpishi alipomfuata yule mwekundu nilimtimua huyo mpishi, msumeno mkononi. Mshenga wangu haliwi.