Kijiko cha Mtindi

Nikisikia harufu ya mtindi uliotiwa sukari, situlii kitini. Masikio yananitoka nje kutafuta lori.

Ilikuwa Njombe, enzi za Mwingereza, asubuhi ya ukungu mzito. Kaka yangu alikuwa anakwenda Dar es Salaam, ambako chuo kimoja kilikubali kumjaribu kwenye timu yake ya mpira wa kikapu. Alikuwa amejifunza nyuma ya duka letu, akilenga pete ya pipa iliyopigiliwa ukutani. Mama alimlisha kijiko cha mtindi na sukari, kama sisi Wahindi tunavyomuaga msafiri, naye akapanda lori la Makambako.

Mara akarudi mbio. Amesahau mpira!

"Umerudi, basi safari inaanza upya," Mama alisema. "Keti, unywe maji, nikulishe tena."

"Mama, lori litaniacha!"

"Keti."

Akaketi, magoti yakimchezacheza. Honi ikalia, kisha injini ikanguruma. Kaka akaruka, akakimbia na mpira kwapani bila kugeuka.

Mama alibaki mlangoni na kijiko kimejaa. Akanitilia mimi kinywani. Ulikuwa mtamu mno, na mimi sikuwa na safari.