Ushuru wa Nyumba ya Kihoto

Ndugu yangu mkubwa hakuniomba, aliniamuru. Alikuwa amepata nyumba ya kununua Kihoto, karibu na ziwa. Mkataba ulishatiwa sahihi na malipo ya kwanza yalishaenda. Kabla ya kumalizia salio, alitaka kujua ushuru wa stempu, ule unaotozwa nyumba ikibadili mwenyewe, ungemgharimu kiasi gani.

"Ulisomea uchumi kwa mshahara wangu wa zamu za usiku Olkaria," alisema. "Leta namba moja. Usiniletee hadithi."

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Nyumba ikiwa mjini ni asilimia nne, ikiwa mashambani ni mbili, na hukatwa kwa bei ya mkataba au kwa thamani anayoweka mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Mtu mwingine angemaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilikaa nayo wiki nzima chumbani kwangu Nakuru. Kama mthamini angepandisha bei, si ndugu yangu angesema mimi ndiye niliyeipandisha? Nilijitungia matusi yake yote na majibu yangu yote.

Thamani ilipotoka, ilikuwa chini sana ya bei. Hilo sikuwa nimelitungia jibu. Nikampigia simu.

"Chini? Basi tutalipa kidogo."

"Hapana. Wanachukua ile kubwa. Utalipa kwa bei ya mkataba."

"Sasa umenipigia ya nini?"

"Kwa nini serikali inaona nyumba yako ni rahisi hivyo?"

"Wewe hata ukipewa mboga ya sukuma utauliza ilipandwa na nani." Akakata simu.

Kesho yake nikaenda Kihoto kivyangu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya mpaka chini. Ya jirani ilikuwa ya mawe matupu, na kwenye mawe hayo, usawa wa kifua changu, mstari wa kahawia ulipita umenyooka kama umepigwa na fundi. Ulivuka nguzo za ua na kukoma pale pale rangi mpya ilipoanzia. Nikajiambia ni vumbi. Nikajiambia ni kivuli. Nilipougusa, tope kavu likabaki kidoleni.

Nilimpigia tena, nikamweleza. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akakuta mzee aliyekuwa akimuuzia nyumba ameshanifuata uani.

"Mzee, maji yalifika hapa?" ndugu yangu akauliza.

"Ziwa lilipanda, likashuka. Kijana, wewe unanunua nyumba ama unanunua mvua ya zamani?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ukitaka kutoka, toka. Malipo ya kwanza yanabaki kwangu, uliweka sahihi mwenyewe." Akanielekezea kidevu. "Na huyu ndiye mshauri wako? Ona vile anatetemeka, kama kuku amenyeshewa."

Ndugu yangu hakunitetea.

"Kati ya ushuru na malipo ya kwanza," akaniuliza bila kunitazama, "gani kubwa?"

"Malipo ya kwanza. Zaidi ya mara mbili."

"Kwa hivyo kutoka ni ghali kuliko kuingia."

"Ukiingia bado kuna salio. Na maji yakirudi hutapata wa kumuuzia."

Hapo ndipo aliponitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeupaka ukuta ule tope. Miaka yake ya zamu za usiku ilikuwa pale, na chochote ambacho angechagua, sehemu yake ingepotea.

"Baki na pesa," akamwambia mzee, akaondoka. Hakuniambia twende.

Bado amepanga nyumba ya watu. Wageni wakija huwaambia mimi ndiye niliyemnyima nyumba, na hacheki. Tangu siku hiyo maji hayajafika kwenye ukuta ule, naye hunikumbusha kila msimu wa mvua ukiisha. Mimi mvua ikinyesha usiku hapa Nakuru hukaa macho, nikiisikiliza, na siwezi kumwambia mtu yeyote ninachoombea.