Safari ya Kisumu

Juzi, Kilimani, niliona Pijo nyeupe ya zamani imeegeshwa kando ya kibanda cha matunda, nikainama dirishani. Harufu ya viti vilivyopigwa jua, na petroli kidogo, ilinirudisha utotoni, Parklands, kwenye lango la jirani yetu, Anti Manjit.

Alasiri nyingi Anti aliketi ndani ya gari kama hilo, upande wa abiria. Siku moja aliniita.

“Toto, ingia nyuma. Funga mlango polepole, iko mzee kama mimi. Leo tunaenda Kisumu.”

Alinyoosha mkono akawasha injini, na kiti cha dereva kikabaki kitupu. Nilidhani magari ya wazee hujiendesha. Viti vilitetemeka, Anti alinukia iliki, maua ya jakaranda yakadondoka kwenye kioo, nikasinzia.

“Tumefika,” alisema, akazima.

Nilishuka nikishangaa jinsi Kisumu inavyofanana na kwetu.

Siku hizi najua kwamba aliwasha gari ili betri isife, kwamba hakujua kuendesha, na kwamba kile kiti kilikuwa cha marehemu mumewe. Lakini kufika, tulifika.