Nilifungwa siku kumi na nne, na ufunguo wa jela nilikuwa nao mimi

Wakuu, heshima kwenu. Wa kunipa shikamoo nimeshaipokea, na humu nadhani ni wote, maana nakaribia tisini.

Ninachoandika kilinitokea mimi, sikusimuliwa. Mods msiuhamishie uzi jukwaa la vichekesho tafadhali. Mimi nililia.

Wiki hii nimesoma nyuzi zenu kuhusu uhuru wa mtu binafsi. Mara serikali inatubana, mara wazazi, mara boss, mara mke. Nikasema ngoja na mimi nitoe yangu.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa kijana wa Kongwa, nimechumbia binti anaitwa Foibe.

Siku hiyo nampelekea baba yake, Mzee Mika, jogoo na kibuyu cha asali. Mkono huu jogoo, mkono huu kibuyu. Kichwani kofia mpya ya dukani kwa Mhindi, najiona kweli.

Akapita Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya. Watu wote wakavua kofia.

Mimi ningevua kwa mkono gani?

Barazani nikapigwa siku kumi na nne jela, kosa dharau. Mzee Mika alikuwepo, akasimama mbele za watu:

"Usikanyage kwangu bila cheti cha kufunguliwa. Binti yangu simwozi kwa mtoro."

Hapo ndipo hukumu iliponiuma. Jela siku kumi na nne ni kitu gani? Lakini kulikuwa na jamaa mwenye baiskeli alikuwa anamzungukia Foibe kila jioni, na kengele anapiga.

Sasa sikieni. Tarishi wa kunipeleka jela ya Dodoma alikuwa na msiba. Karani akanikabidhi barua yangu ya kifungo.

"Njia unaijua. Jipeleke. Usichelewe, geti wanafunga saa kumi na mbili."

Nikajipeleka.

Siku tatu kwa mguu, peke yangu, hakuna askari wala pingu, na bado kuna mahali nilikimbia nisichelewe. Kuna mtu humu atauliza kwa nini sikutoroka. Mkuu, wazo lenyewe halikunijia.

Siku ya pili mama mmoja alinikaribisha. Nikapiga "mbukwa", salamu ya kwetu, nikamweleza kwamba mimi ni mfungwa niko safarini. Akasikitika sana, akanipa ugali wa uwele na mlenda. Barua ilikuwa ndani ya kofia, kofia nimeitundika kwenye zizi.

Nageuka hivi, mbuzi anatafuna. Barua yote, na ukingo wa kofia.

Nikafika jela mikono mitupu. Sajini wa getini, mtu wa Tabora, mpole lakini wa taratibu, akanitazama.

"Barua?"

"Imeliwa na mbuzi, afande."

"Simfungi mtu asiye na karatasi. Hii ni serikali, siyo hoteli. Rudi kwenu."

Wakuu, niliambiwa niko huru, nikapiga magoti kuomba nifungwe. Bila kuingia hakuna kutoka, na bila kutoka hakuna cheti, na bila cheti Foibe anapanda baiskeli.

Nililala nje ya ukuta siku mbili. Siku ya tatu lori la mahindi likaja, nikasaidia kushusha. Sajini akanionea huruma, akaniruhusu niingie, ila kwa masharti. Wafungwa wakihesabiwa nijifiche nyuma ya jiko, nisije nikaharibu hesabu.

Sare hakunipa. Baada ya siku chache akanipa ufunguo wa geti. Alisema ufunguo hawezi kumpa mfungwa, na mimi ndiye pekee mle ndani ambaye siyo mfungwa.

Basi asubuhi nawafungulia wenzangu waende shamba, jioni wakirudi nafunga. Nafunga nikiwa ndani.

Siku ya kumi na nne nikaomba cheti.

"Nikuandikie umetoka," sajini akasema, "wakati hujaingia?"

Nikaona ana point. Nikarudi kufagia.

Mwezi ukaisha, wa pili ukaanza. Wenzangu wenye vifungo walikuwa wanatoka na vyeti vyao, na mimi ndiye nawafungulia geti. Nilikuwa nawaonea wivu mpaka najificha.

Mchana mmoja geti likagongwa. Nikafungua. Foibe, vumbi mpaka kwenye nyusi, katembea kutoka Kongwa.

"Aliyekufunga yuko wapi?"

"Kaenda sokoni."

"Ufunguo anao nani?"

Nikautazama mkononi.

"Ninao mimi."

Akasema, "Haya, toka twende."

"Ngoja arudi nimwombe ruhusa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, na pale ndipo nilipomwogopa kuliko Bwana Shauri.

Sajini akarudi. Nikaomba ruhusa. Akashangaa, "Mimi nilishakukataza lini?" Halafu akajikuna kichwa. "Ila kesho asubuhi nani atafungua geti?"

Naona aibu kuandika hili: nilianza kufikiria nibaki mpaka apatikane mtu. Foibe alininyang'anya ufunguo, akauweka kiganjani kwa sajini, akanishika mkono kama mtoto.

Njia nzima nawaza nitasema nini. Cheti sina. Tukafika, nikapiga magoti kwa Mzee Mika, nikaanza habari ya mbuzi.

"Cheti gani?" akauliza.

Alikuwa ameshasahau. Aliongea kwa hasira siku ile, akaenda zake kulima.

Tukaoana. Miaka yote, kila nikisitasita jambo, Foibe aliniuliza hivyo hivyo, "Ufunguo anao nani?" Ugomvi unaishia hapo.

Nilichojifunza ni kwamba wa kunizuia wapo, sikatai, lakini kazi kubwa huwa nawasaidia mimi.

Foibe alinitoka mwaka juzi, tukamzika kwao Kongwa. Naishi Kikuyu, hapa Dodoma mjini, na wanangu. Kila nikisema nataka kwenda kaburini wananijibu, "Subiri Desemba mzee, tutakupeleka." Desemba mbili zimepita. Juzi nimejikuta nimesimama getini hapa nyumbani nusu saa nzima, nangoja mtu aje anifungulie.

Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Wanasheria mtaniambia kama bado nadaiwa zile siku kumi na nne. Wengine karibuni mtoe yenu, matusi pia napokea. Ila kwanza naomba anayejua: basi la kwanza la Kongwa, kesho asubuhi, linaondoka saa ngapi?