Vakansi Niliyokuwa Ndama

Sisi tuliosoma huko Masisi kabla simu hazijapanda milima, ukituuliza vakansi ilikuwa nini tutakujibu kwa neno moja: kazi. Tena kazi ya furaha, usituonee huruma. Shule zikifungwa mwezi wa saba, kiangazi kimeshakausha majani na vumbi la barabara limetujaa puani, mama zetu walikuwa na hofu moja tu, kwamba tutazurura sokoni tujifunze matusi. Ndiyo maana kila asubuhi walitupandisha kwa Papa Silvestre.

Papa Silvestre na mke wake Mama Yudita walikuwa na shamba juu ya Nyamitaba, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Watoto wao walikuwa wamekua, wameoa na kuolewa, wametawanyika mpaka Goma. Nyumba ilibaki kimya lakini kazi ilibaki ileile. Basi Jumapili moja baada ya misa wakawaambia wazazi: leteni watoto washinde kwetu, watakula, watajifunza kazi, saa kumi watarudi. Wazazi waliitikia hata kabla maneno hayajaisha. Siku hizi mjini kitu cha namna hiyo kinaitwa kambi ya likizo, na wazazi wanapiga picha. Sisi hatukusema kambi. Kwetu kambi ni mahali ambapo watu waliokimbia vita wanalala chini ya bashi, yale maturubai ya msaada, na neno hilo hatukulichezea. Tulisema tu, "Tunaenda kwa Papa."

Tulikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kikombe chake cha bati kimefungwa kiunoni kwa uzi, na tukipanda mlima ulitusikia kutoka mbali. Tukifika, sala, wimbo mmoja, halafu Mama Yudita anagawa kazi akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Wawili wapige maharage kwa fimbo mpaka maganda yaachie. Watatu wachague viazi, vya kula huku, vya mbegu kule. Wengine wakate matete ya ng'ombe. Mchana tulikula viazi, maharage na mboga ya lengalenga kwenye sinia moja, na ole wake aliyekula polepole. Kisha kila kikombe kilitiwa maziwa. Baada ya hapo tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba mpaka kaptula na sketi zikaisha nyuma, na nyumbani tukapigwa kwa sababu ya hizo sketi. Mtoto wa leo ukimwambia akuletee majani ya sungura anauliza kwanza kama kule kuna rezo ya simu.

Kati yetu alikuwapo Bahati, mjukuu wa Mama Yudita, aliyeletwa vakansi kutoka Walikale. Baba yake alikuwa mwindaji wa msituni. Bahati alishika nyoka kwa mkia mbele yetu, sisi tukapiga kelele, yeye akacheka. Lakini siku ya kwanza alipomwona ng'ombe karibu, alipanda juu ya ua na kukataa kushuka. "Hii nyama iko na macho ya muntu!" alisema. Tulimcheka wiki nzima. Mwishoni alikuwa anakata matete kuliko sisi wote, ila aliyarusha kutoka mbali.

Mimi nilipewa kazi ya kushika ndama. Usifikiri ilikuwa sifa, ingawa jina langu ni Sifa. Niliongea sana kwenye maharage, Mama Yudita akachoka. Sasa, kwa asiyejua: ng'ombe wa kwetu hatoi maziwa kwa mtu hivihivi. Unamletea kwanza ndama wake, ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, halafu unamvuta ndama pembeni na kumshika karibu na kichwa cha mama yake. Mama anamlamba mtoto, Papa anakama. Ukimwachia mapema, ndama anamaliza maziwa yote. Ukimvuta kwa fujo, mama anakasirika na maziwa anayafunga. Kwa hiyo mtu aliyeongea sana kwenye maharage alijifunza kunyamaza mbele ya ng'ombe.

Kiangazi kile ni ng'ombe mmoja tu aliyekuwa na maziwa, Kibibi, mweusi mwenye tumbo jeupe. Wengine wawili walikuwa na mimba. Kutoka kwa Kibibi tulipata vikombe vyetu kumi na viwili, Mama Yudita alipata maziwa ya kugandisha fromaji yake, yaani jibini, na kila asubuhi chupa moja ilishuka kwa jirani ambaye mke wake alikufa akizaa, akamwachia mtoto mchanga. Chupa hiyo haikurukwa hata siku moja.

Papa Silvestre alikuwa na sheria moja kuhusu ndama, na aliirudia kila asubuhi kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa: "Kamba mufupi, pahali sawasawa." Milima yetu ina kingo kali, na ndama hana akili. Nilijua. Lakini majani ya pale sawasawa yalikuwa yamekwisha, yamebaki udongo, na ndama wangu alikuwa ananyoosha shingo kwenye majani mabichi yaliyoota upande wa mto. Nilimwonea huruma. Nikachukua kamba ya pili, nikaiunga kwa ile ya kwanza, nikamfunga pale juu ya ukingo. Kibibi mwenyewe alikuwa anakula karibu, akinitazama. Nikaenda kuteleza na wenzangu.

Kilichotuita ni sauti ya Kibibi. Sijawahi kusikia ng'ombe akilia vile, na sitaki kusikia tena. Tulipofika kwenye ukingo, ndama alikuwa ameteleza upande wa chini na kamba ilikuwa imemshika shingo. Miguu yake haikufika chini. Papa Silvestre alishuka mwenyewe, akamwinua, akakata kamba, akamlaza kwenye majani yale mabichi. Alikuwa ameshakufa.

Papa alichukua ile kamba, akaitazama pale ilipoungwa.

"Nani aliunga hii kamba?"

Ningeweza kunyamaza. Watoto walikuwa kumi na wawili, na Bahati alikuwa amesimama mbele yangu kama ukuta. Lakini mdomo wangu uleule wa kwenye maharage ukafunguka.

"Ni miye, Papa."

Akaikunja ile kamba mkononi. Hakupaza sauti, na nilitamani aipaze.

"Basi kesho weye njo utakuwa ndama," alisema.

Sikuelewa. Nilidhani ni namna ya kunifukuza. Nikarudi nyumbani nikilia njia nzima, kikombe kinagonga kiunoni, na nikamweleza baba yangu yote nikitegemea anifiche. Baba alikuwa anarekebisha mpini wa jembe. "Kesho utapanda," alisema bila kuinua kichwa. "Kazi weye uliiharibu, weye utaitengeneza." Mama yangu aliniwekea chakula na sikukigusa, na kwetu mtoto asiyegusa viazi alidhaniwa ana malaria.

Asubuhi Mama Yudita alitupokea bila mwiko. Jioni ile Kibibi alikuwa amekataa kutoa hata tone. Alipiga ndoo teke, akageukia ukingo na kulia usiku kucha. Kiwele kilikuwa kimevimba, cha moto, na chupa ya yule mtoto mchanga ilikuwa imelala mezani tupu. "Ikikaa hivi siku tatu, maziwa itakauka," Mama Yudita alisema. "Na hakuna ingine mupaka mwezi ya kumi." Hakuniangalia aliposema, lakini kumi na wawili wote tulijua anasema na nani.

Papa Silvestre alitoka nyuma ya nyumba na ngozi ya ndama. Alikuwa ameichuna, ameipaka chumvi upande wa manyoya ili Kibibi ailambe. "Piga magoti," akaniambia. Akaniwekea ngozi mgongoni, miguu ya mbele akaifunga shingoni kwangu, ya nyuma tumboni. Ilikuwa nzito, baridi, na harufu yake sitaieleza kwa watu ambao pengine wanakula. Nikatambaa kwa mikono na magoti kwenye zizi, wenzangu wamejipanga kwenye ua, hakuna aliyecheka. Bahati alikuwa amefumba macho.

Kibibi aliacha kulia. Alinusa mgongo, akanusa tena, akapuliza pumzi ya moto shingoni mwangu. Mimi nilikuwa namwomba Bikira Maria kwamba Kibibi asinipige pembe. Halafu akaanza kunilamba. Ulimi wa ng'ombe ni kama jiwe la kusagia lililoloweshwa. Alilamba ngozi, akalamba masikio yangu, akalamba machozi usoni, na nyuma nikasikia mlio ambao ningeutambua popote, maziwa yakipiga sehemu ya chini ya ndoo. Hapo nililia kwa sauti. Papa Silvestre alinikaripia kutoka chini ya tumbo la ng'ombe: "Nyamaza! Ndama hailiake vile!"

Basi nikawa ndama. Kila asubuhi na kila mchana kabla ya saa kumi, Sifa na ngozi yake. Nyumbani dada zangu walinilaza karibu na mlango kwa sababu ya harufu. Wenzangu waliniita Ndama, na wapo watu wazima wenye mvi huko Nyamitaba ambao hawajui jina langu lingine. Vikombe vilijaa tena, chupa ilishuka tena kwa jirani. Wiki mbili zilipopita ngozi ilikuwa imeanza kuoza na wadudu wamejaa, Papa akaitupa. Tuliogopa. Lakini Kibibi alipoletwa alinijia mimi mwenyewe, na sweta langu lililochanika, akanilamba kichwa, akatoa maziwa kama kawaida.

Kisha vakansi ikaisha. Nilifurahi, nitasema ukweli. Nilinunuliwa kaye mpya ya kuandikia, nilinyolewa nywele, nikakaa kwenye benchi ya pili nikinukia sabuni. Mwalimu alikuwa anaandika tarehe ubaoni wakati kitu kilipolia dirishani. Kichwa cheusi kiliingia mpaka pembe. Kibibi alikuwa amevunja ua na kushuka mlima mzima, na nyuma yake Papa Silvestre anakimbia bila kofia.

Kalasi ililipuka. Direkteri wa shule alitoka ofisini na fimbo yake. "Hii ngombe ni ya nani?"

"Ni mama ya Sifa!" watoto wote walijibu pamoja.

Nilitamani ardhi inimeze. Direkteri alitaka kuniadhibu, ila hakupata jina la kosa. Mwishowe alikaa chini na baba yangu na Papa Silvestre, wakakubaliana kwamba nitapanda kila asubuhi kabla ya masomo mpaka maziwa yaishe yenyewe. Nilipanda kwa ukungu, nilipanda kwa mvua ya mwezi wa kumi, vidole vimekufa ganzi. Nilinung'unika sana, na sikukosa siku. Yalipokauka, karibu na Noeli, mtoto wa jirani alikuwa anatambaa na ana mashavu.

Kibibi alikufa kwa uzee, na nashukuru, kwa sababu baadaye vita vilipita na ng'ombe wote wa mlima ule wakaenda na vita. Watu pia tulitawanyika. Papa Silvestre anaishi sasa Lushebere kwa mpwa wake, macho yamepungua, Mama Yudita amekwishamtangulia. Mwaka uliopita nilienda kumsalimia na sukari na sabuni. Tuliongea habari za wote, halafu nikatoa neno ambalo nilikaa nalo tangu utotoni.

"Papa, ile ngombe nilimudanganya. Miye nilimuuwia mutoto, kisha nikavala ngozi yake."

Alicheka mpaka akakohoa, mpwa wake akaleta maji.

"Mwanangu, unazani Kibibi ilikuwa mujinga? Ilikuwa palepale juu. Iliona ndama inakufa, na iliona weye unafunga kamba. Siku ya kwanza ililamba ngozi, ni kweli. Lakini ngozi tulitupa. Ilishuka mupaka ku masomo kutafuta nini? Ngozi?"

Nilimenya viazi alivyoniwekea, nikala, nikaaga kabla barabara haijafungwa kwa usiku.

Watoto wangu wanne wako Goma. Vakansi yao ni simu na televisheni, na maziwa yao yanatoka kwenye mfuko. Wana akili, wanajua Kifaransa kunishinda, siwasemi vibaya. Wakivunja kitu wanasema kimejivunja, na sisi wakubwa tunanunua kingine, mambo yanaisha. Ila jioni nikiwatazama, kila mmoja kwenye kona yake, najiuliza, siku ambayo mmoja wao atakuja kumkosea mtu kabisa, kosa lisilo na dawa, ni nani atakayevunja ua na kushuka mlima kumtafuta.